Mtoto Aliyezaliwa Amechoka

Chumba alichofanyia kazi Mama Bosi kilikuwa na joto la kwapa. Ukiingia na miwani huoni mbele, ukikaa kidogo blauzi inakuganda mgongoni. Taa zilikuwa nyekundu na hafifu, kwa sababu wenye chumba hawakutaka mwanga, na wenye chumba walikuwa fuko.

Si fuko hawa wa shambani wenye manyoya yao. Hawa walikuwa uchi, ngozi ya waridi imekunjamana kana kwamba wamerithi nguo za kaka zao wakubwa, macho kama punje za ufuta, na meno marefu yametokeza nje ya midomo. Mama Bosi alipowaona mara ya kwanza alisema, "Jamani, hawa waliumbwa jioni, udongo ukiwa unakaribia kwisha." Daktari wa utafiti, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alicheka siku hiyo, na kazi akampa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwakatia viazi na karoti na kusafisha mabomba ya plastiki waliyoishi ndani yake. Bomba liliunganishwa na bomba, na huku na huku palikuwa na vijisanduku vilivyokuwa vyumba vyao: cha kulala, cha chakula, na choo. Ndiyo, choo. Walikuwa na adabu kuliko wapangaji wengi unaowajua.

Sheria ya kazi ilikuwa moja kubwa, na Daktari alimfundisha kabla hata hajamwonyesha pa kutundika koti. Fuko akitolewa nje kwa sababu yoyote, kupimwa uzito au kuchomwa sindano, kabla hajarudishwa unachota uchafu kidogo wa choo chao na kumpaka mwili mzima, mgongo na tumbo. Wenzake hawamwoni, wanamjua kwa harufu. Akirudi ananuka sabuni au mkono wa mtu, si ndugu tena. Mgeni wa watu hupewa siku mbili kabla ya kushikishwa jembe. Mgeni wa fuko hapewi hata moja. Humng'ata mpaka afe.

"Kwa hiyo nawapaka mavi ili wapendwe," alisema Mama Bosi.

"Ndiyo hivyo."

"Wenzetu wana bahati. Sisi tunajipaka manukato na bado hatupendwi."

Mama Bosi alikuwa mwepesi wa ulimi, na waliomfahamu walijua kwamba ulimi ule ulikuwa fimbo ya kutembelea. Nyumbani alikuwa na mtoto wa kike wa miaka kumi na mmoja, asiyeweza kukaa, kutembea wala kusema. Alipozaliwa, kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni na hewa ikakatika, na mkunga akamfunga kwenye taulo huku akimpigapiga nyayo. Alipolia hatimaye, kilio chenyewe kilikuwa chembamba kama cha paka wa jirani. "Mtoto amezaliwa amechoka," mkunga akasema, ndivyo wanavyosema mtoto akikosa hewa.

"Amechoka na nini," aliuliza mama yake pale kitandani, "na kazi hajaanza?"

Hakuna aliyecheka. Miezi ikapita, shingo haikukaza. Mwaka ukapita, miguu ikajikunja kama mkasi. Baba yake, fundi rangi aliyerudi nyumbani kila siku na madoa mapya masikioni, ndiye aliyempa jina la Bosi. "Tazama," alisema, "analishwa, anaogeshwa, anabebwa, anatuamsha anapotaka, na mshahara hatulipi. Huyu si bosi ni nani?" Jina likashika. Kwa jina hilo mama yake akajulikana mtaani na kazini, na wasiomjua mtoto walidhani ni mama wa mtu mkubwa.

Sasa Bosi alikuwa amekuwa mzito. Kumtoa kitandani kumpeleka bafuni ilikuwa kama kuhamisha kabati lililo hai. Mgongo wa Mama Bosi ulikuwa umeanza kulia kwa sauti. Asubuhi alishuka kitandani kwa kujiviringisha, kama gunia.

Ndipo ilipokuja habari ya kitanda. Ng'ambo ya mji palikuwa na kituo cha kulea watoto wa aina ya Bosi. Palikuwa pazuri, mumewe alipaka rangi kuta zake kwa mikono yake, na aliona watoto wakinyooshwa viungo na kulishwa bila kuharakishwa. Nafasi moja ilikuwa imepatikana. Wangewawekea hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo apewe mwingine.

"Mke wangu," alisema fundi rangi, akimpoza Bosi uji kwa kupuliza kijiko, "mgongo wako si chuma."

"Chuma kinashika kutu. Wangu bado."

"Siku utakapoanguka naye bafuni, nani atawaokota?"

"Wewe. Si unajua kupanda ngazi? Jifunze kuinama."

"Sifanyi mchezo."

"Hata mimi." Akampokonya kijiko. "Mtoto anayepelekwa kule ni yule ambaye wenyewe wamekata tamaa. Mimi sijakata. Nimekwambia usubiri. Kuna dawa inatafutwa pale kazini, na nimeiona kwa macho yangu."

Na kweli kuna kitu alikuwa amekiona.

Kulikuwa na fuko mmoja, dume, mwenye kovu puani, aliyeitwa Mbishi. Siku moja Daktari alimtia kwenye kisanduku cha kioo na kumwambia Mama Bosi ashike mfuniko barabara. Bomba likaingiza hewa nyingine isiyo na oksijeni hata chembe, na ile ya kupumua ikasukumwa nje yote. Mbishi alizunguka, akayumba, akalala ubavu. Miguu ikaacha kutikisika.

"Amekufa," alisema Mama Bosi.

"Hajafa. Subiri."

"Daktari, huyu amekufa, mimi maiti naijua."

"Tazama kifua."

Kifua kilikuwa kimetulia. Lakini kwenye kioo cha mashine moyo ulikuwa bado unapiga, polepole sana, kama mtu anayepanda ngazi na mizigo. Dakika kumi na nane nzima Mbishi alilala pale bila pumzi, wakati panya wa kawaida angekuwa marehemu kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Kisha Daktari akafungulia hewa. Kifua kikainuka mara moja, mara ya pili. Mguu ukapiga teke. Baada ya muda Mbishi alikuwa amesimama, anatafuna kiazi kana kwamba ametoka kusinzia mchana.

Mama Bosi alienda chooni, choo cha watu, akafungua bomba la maji ili asisikike, akalia.

Alichokisikia baadaye kilimzidishia. Wageni walikuja kutembelea maabara, na Daktari akawaeleza kwamba viumbe hawa, ingawa wana moyo na damu na ubongo kama sisi, hewa ikikatika miili yao hubadili njia ya kupata nishati. Huacha njia ya kawaida na kutumia sukari ile iliyomo kwenye matunda, ambayo haihitaji oksijeni, na hivyo ubongo hauharibiki. "Siku moja," Daktari alisema, "huenda tukajifunza kutoka kwao namna ya kuwasaidia watoto wanaozaliwa wamechoka."

Mama Bosi alikuwa nyuma yao na ndoo. Hakumsikia vibaya. Alimsikia neno kwa neno, akalichukua lile neno "watoto" akalipeleka nyumbani, akalilaza kitandani kwa Bosi. Tangu siku hiyo Mbishi alipata kipande cha kiazi kikubwa kuliko wenzake, naye akawa anamsemesha: "Kula, mwanangu. Kula, una kazi ya watu."

Mwisho wa mwezi ulikuwa wiki iliyofuata, na Jumapili ile zamu ilikuwa yake. Mumewe alikuwa na kazi ya kumalizia ukumbi mahali, na jirani aliyezoea kumwangalia Bosi alikuwa amefiwa. Mama Bosi hakuwa na la kufanya. Alimfunga mtoto kwenye kiti chake cha magurudumu kilichopinda, akamsukuma mpaka maabara. Mlinzi akamtazama, akatazama kiti, akafungua geti.

"Leo umekuja na bosi mwenyewe," alisema mlinzi.

"Amekuja kukagua. Panga mstari."

Ndani, alimtandikia mkeka kando ya mabomba. Na hapo likatokea jambo ambalo hakulitarajia. Kwa joto lile, mwili wa Bosi, ambao siku zote ulikaza kama kamba ya kuanikia nguo, ulianza kulegea. Mabega yakashuka. Miguu ikaachana. Ngumi zake, ambazo mama yake alizifungua kidole kimoja kimoja kila alipomwosha, zikafunguka zenyewe. Bosi akageuza macho kwenye vile viumbe vilivyokuwa vikikimbia mbele na nyuma ndani ya mabomba, akatoa sauti ambayo mama yake aliijua kuwa ni furaha, sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

"Unawaona? Unawaona wajinga hao?"

Mlango usiotiwa mafuta tena.

Mama Bosi alifungua kijisanduku, akamtoa Mbishi kwa mkia kama alivyofundishwa, akamlaza kwenye kiganja cha binti yake. Mbishi alinusa. Kiganja kilikuwa na mafuta ya kuchua, yale makali yanayoingia mpaka machoni, kwa maana kila asubuhi alimchua Bosi viungo kwa mafuta hayo. Fuko akapiga chafya, akazunguka, akajikunja pale pale. Vidole vya Bosi vikajifunga juu yake, polepole, bila kumbana.

"Msalimie," Mama Bosi alinong'ona. "Huyu alikaa bila hewa, akaamka. Muulize alifanyaje."

Wakakaa hivyo, watatu. Mama akamfuta mtoto udenda, mtoto akacheka, fuko akalala. Mama Bosi hakumbuki siku nyingine ambayo mgongo wake haukumuuma. Kisha Bosi akajisaidia, kama mabosi wote wanavyoharibu mikutano, na mama yake akamchukua Mbishi haraka, akamrudisha bombani, akafunga kifuniko, akakimbilia kitambaa na maji. Alimsafisha binti yake huku akiimba. Hakukumbuka jambo lolote. Alikuwa na furaha, na furaha ilikuwa kitu asichokizoea. Hakujua kwamba inasahaulisha.

Jumatatu asubuhi Mbishi alikuwa amelala kwenye kona ya bomba. Safari hii hakuna aliyehitaji mashine. Shingo na tumbo vilikuwa vimeng'atwa vibaya, na wenzake walipita juu yake wakienda na kurudi na vipande vya karoti, kama watu wanaoruka dimbwi.

Mama Bosi alisimama pale, na harufu ya mafuta ya kuchua ikamjia puani hata kabla hajafungua kifuniko. Labda haikuwepo. Yeye aliisikia.

"Nani alimtoa?" Daktari aliuliza.

"Mimi."

"Hukumpaka?"

"Sikumpaka."

Angeweza kusema uongo. Fuko hugombana wenyewe mara nyingine. Daktari alivua glavu, akaketi. Hakufoka. Alisema tu kwamba kuanzia leo hatamtoa mnyama akiwa peke yake, na kwamba angeuliza sababu lakini anaona uso wake. Kisha, kwa kutaka kumfariji, akasema, "Usijiumize sana. Tuna wengine."

Hapo ndipo Mama Bosi alipopasuka. Alilia kwa kelele, ameshika ukingo wa meza, na Daktari akaduwaa, kwa maana hakuna anayemlilia fuko hivyo.

"Mama Bosi. Mama Bosi, nini?"

"Dawa," alisema. "Sasa dawa itakuwaje?"

"Dawa gani?"

"Si ile uliyosema! Ya watoto waliozaliwa wamechoka. Mimi wangu nimemweka, nangoja. Mume wangu nimemwambia ngoja. Kitanda kinapotea, namwambia ngoja. Na aliyekuwa anatuletea hiyo dawa nimemuua kwa mkono wangu!"

Daktari aliziweka glavu mezani. Fuko walikwaruza mabomba.

"Binti yako ana miaka mingapi?" aliuliza mwishowe.

"Kumi na mmoja."

"Lo." Daktari akamsogezea kiti. "Kaa. Nitakwambia ukweli, na utanichukia, lakini kaa. Kwanza, huyo Mbishi hakubeba dawa. Tulichotaka kwake tulishakipata, na wengine wanacho vilevile. Kifo chake hakijabadili kitu."

"Na pili?"

"Pili, dawa haipo. Huenda ikaja mimi nikiwa bibi, huenda isije. Na hata ikija..." Akatafuta maneno. "Wewe unapika. Chungu kikiwa motoni na maji yamekauka, ukiwahi, unaokoa chakula. Tunachotafuta sisi ni hicho, namna ya kuwahi. Dawa ya mtoto anayekosa hewa sasa hivi, saa hiyo hiyo anayozaliwa."

Mama Bosi alifuta pua kwa mkono wa koti.

"Na kilichokwisha kuungua?" aliuliza.

Daktari alitikisa kichwa. "Sehemu ya ubongo iliyokufa siku ile haitaamka. Fuko huyu aliamka kwa sababu hakufa. Samahani, Mama Bosi. Nilipokuwa naongea na wale wageni sikujua kwamba na wewe unasikiliza."

"Sikuwa nasikiliza," alisema. "Nilikuwa napiga deki." Hata yeye mwenyewe aliona kwamba mzaha ulikuwa umekosa miguu.

Alimfunga Mbishi kwenye karatasi, akamwandaa kwa kutupwa pamoja na takataka za maabara kama utaratibu ulivyotaka, akaendelea kukata karoti. Vipande vilitoka sawasawa. Mikono haina habari.

Nyumbani, fundi rangi alimkuta ameketi kando ya kitanda cha Bosi, hajawasha jiko. Alimtazama mara moja tu, akavua viatu mlangoni, akaja kukaa sakafuni kwa kuegemea mguu wa mkewe.

"Haipo," alisema Mama Bosi.

Hakuuliza nini. Doa jeupe la rangi kwenye nyusi lilimfanya aonekane mzee.

"Ulijua?" mkewe aliuliza.

"Sikujua. Nilitaka sana usiwe mwongo."

"Kwa nini hukunibishia zaidi?"

"Ungekuwa wewe, ungembishia mtu mwenye tumaini moja tu? Hata mimi nililitumia. Juu ya ngazi kule nilikuwa nikifikiria Bosi atakavyoniita akianza kusema." Akajikuna sikio. "Nilikuwa sijaamua kama ataniita baba au ataniita wewe mzee."

Mama Bosi akaweka mkono juu ya kichwa chake chenye rangi. Bosi kitandani alikoroma.

Walimpeleka Ijumaa. Mlezi mkuu wa kituo alikuwa mwanamke mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, mcheshi, akawapokea kama wageni wa arusi. Mama Bosi alimwambia yote: uji uwe mwepesi na wa vuguvugu, alazwe ubavu wa kulia, akikaza ngumi asilazimishwe, apashwe joto kwanza, na kwamba mluzi humtisha, na kwamba anapotoa sauti kama ya mlango mbovu haumwi, anacheka.

"Vizuri," alisema mlezi. "Wengine wanatuachia kama mzigo wa stendi. Na alipatwa na nini? Maana wengine wanatuambia mapepo, wengine wanasema atapona tu, siku zake bado."

Fundi rangi alifungua mdomo. Mkewe akamtangulia.

"Alizaliwa hewa imekatika. Hatapona."

Alilisema neno hilo kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe, na alilisema mbele yake. Akageuka upesi kumtazama Bosi, kana kwamba angeweza kumziba masikio sasa. Bosi hakuwa akimtazama. Alikuwa amekaza macho kwenye kiuno cha mlezi, ambako funguo ziligongana kila mwanamke yule alipopumua, na akatoa ile sauti ya mlango usiotiwa mafuta, ndefu, mara mbili.

"Eh! Anacheka huyu!" mlezi akasema, akazitikisa funguo tena.

Bosi akacheka tena.

Miaka yote Mama Bosi aliamini kwamba kicheko kile hakijui mtu mwingine ila yeye na baba yake. Alikitazama kikienda kwa mgeni bila hata kuombwa, akaona wivu, kisha akaona aibu ya wivu, kisha akaona kwamba mguu wa kulia wa mtoto umeteleza kwenye kiti, akainama akaurudisha mahali pake. Mgongo ukamlia.

"Jumapili nitakuja," alimwambia mlezi.

"Jumapili una zamu," alisema mumewe.

"Nitabadilishana na mtu. Wewe twende."

Walitoka kwa mlango wa kijani ambao fundi rangi aliupaka mwenyewe. Walitembea polepole, pande mbili za njia, wameacha katikati yao nafasi ya kiti cha magurudumu, na walipokaribia barabara kuu tu ndipo mmoja wao alipoiona nafasi ile.